Eteri na mkojo wa farasi: namna labo inavyokamata dawa iliyofichwa

Farasi akimaliza mashindano, zaidi yule aliyeshinda, wakaguzi wanamupeleka mu kibanda cha pembeni na kungojea akojoe. Kuna wachungaji wanaomupigia mluzi ili mkojo uje haraka. Mkojo ukipatikana unagawanywa mu chupa mbili, A na B, zote zinafungwa kwa mhuri. Chupa A inapimwa kwanza. Chupa B inawekwa kwa siku ile mwenye farasi atasema: hapana, munanionea.

Kinachotafutwa kinaweza kuwa dawa ya kuchangamsha kama kokaini, ao dawa ya kuzima maumivu kama fenilibutazoni. Hii ya pili njo mbaya zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Farasi mwenye mguu unaouma anachechemea, na kuchechemea kwake kunamulinda. Ukizima maumivu atakimbia kwa nguvu zote juu ya mfupa uliopasuka, na ukivunjika mu mbio, anaanguka pamoja na yule anayemupanda. Tena fenilibutazoni hairuhusiwi mu nyama ya kuliwa na watu. Mwaka 2013, wakati nyama ya farasi ilikutwa ndani ya vyakula vilivyouzwa Ulaya kama vya ngombe, dawa hiyo ndiyo ilitafutwa mu labo.

Hapa kwetu farasi ni wachache sana, sababu moja ikiwa inzi wa tsetse, ambaye anawaambukiza ugonjwa unaowamaliza. Lakini kazi inayofanywa juu ya mkojo wao inatugusa, kwa sababu ni kazi ileile inayoonyesha kama mtu ao ngombe alikufa kwa sumu kweli ao hapana. Na ilianza kwa mtu, si kwa farasi.

Mwezi wa 11 mwaka 1850, mu Ubelgiji, Gustave Fougnies alikufa nyumbani kwa shemeji yake, bwana mkubwa Hippolyte Visart de Bocarmé. Watu walimushuku yule shemeji. Wakati ule, sumu ya madini kama aseniki iliweza kuonyeshwa, lakini sumu ya mimea ilipotea ndani ya maiti kama chumvi mu mchuzi. Viungo vya marehemu vilipelekwa Brussels kwa mwalimu wa kemia Jean Servais Stas. Alivisafisha kwa alkoli na asidi, akatia potasi, kisha akatikisa maji yale pamoja na eteri. Eteri ilipopaa, ikabaki mafuta kidogo yenye harufu kali ya tumbako: nikotini. Bocarmé alikatwa kichwa Mons mwaka 1851. Mjerumani Friedrich Julius Otto aliboresha njia hiyo, na mpaka leo inaitwa njia ya Stas na Otto.

Mwaka 1910 mfamasia wa Warsaw, Alfons Bukowski, aliitwa Austria juu ya farasi wa mashindano, akaonyesha dawa za mimea mu mate yao. Hakutaka kufundisha siri yake, basi Sigmund Fränkel wa Vienna akatengeneza njia yake mwenyewe. Kupima farasi wa mashindano kulianzia pale.

Sasa, eteri inafanya nini? Ni kioevu kisicho na rangi, chepesi: lita moja ina uzito wa gramu 713 hivi. Ukiitia mu maji inapanda juu kama mafuta. Vitu vingine vinapenda maji, vingine vinapenda eteri. Ukivitikisa pamoja kisha ukaacha vitulie, kila kitu kinahamia upande wake.

Ujanja ni kwamba dawa nyingi zinaweza kubadilishwa upande. Kokaini, morfini, strikinini na nikotini, zikikuta asidi, tuseme kitu kikali kama ndimu, zinageuka chumvi na kukaa mu maji. Ukitia alkali, kitu cha upande wa majivu na chokaa, zinaachana na ile chumvi. Basi nikotini, kokaini na strikinini zinakimbilia kiyeyushi. Morfini inasumbua, inataka alkali ya kipimo tu na kiyeyushi kingine. Fenilibutazoni ni kinyume: inataka asidi ndiyo iingie mu eteri. Kwa hiyo fundi anapima mkojo uleule mara mbili, mara moja upande wa alkali, mara moja upande wa asidi. Watu wa Kivu waliolima kinkina wanaweza kuelewa haraka, kwa sababu kwinini inatoka mu gome kwa hesabu hiyohiyo: unga wa gome unachanganywa na chokaa, kisha kiyeyushi kinapita na kubeba kwinini.

Mkojo wa farasi wenyewe una matata yake. Ni mzito, una utelezi kama kamasi, tena una chembe nyingi za chokaa zinazoufanya uonekane mchafu hata kama farasi ni mzima. Ukiutikisa kwa nguvu na eteri, unapata povu kama la sabuni ambalo halitengani, na siku inapotea. Umejaa pia asidi ya hipuri, ambayo Justus Liebig aliitambua mwaka 1829 na kuipa jina la Kigiriki lenye maana ya mkojo wa farasi. Hiyo nayo inaweza kuingia mu kiyeyushi na kufunika kile unachotafuta. Tena mwili wa farasi unafunga dawa nyingi kwa aina ya sukari ili zitoke na maji, na zikifungwa vile eteri haizishiki. Lazima kwanza kuzifungua, na kitu kinachotumika sana ni kimeng'enya kinachotoka ndani ya konokono. Ndiyo, konokono.

Halafu kuna vitu ambavyo eteri haivipendi kabisa. Wakulima wa kakao wa Beni na Mambasa wajue hii: kakao ina teobromini, na farasi aliyelishwa chakula chenye maganda ya kakao anaweza kushindwa mu kipimo bila mtu kumupa dawa yoyote. Kwa hiyo mashirika ya mbio yameweka kipimo, mikrogramu 2 kwa mililita moja ya mkojo, na chini ya hapo hakuna kosa. Teobromini haiyeyuki vizuri mu eteri. Labo inayotumia eteri peke yake ingeikosa, ikasema farasi ni safi.

Na hata dawa ikiingia mu eteri, bado haijapata jina. Stas hakuishia ku harufu, alifanya majaribio mengine akalinganisha na nikotini halisi. Leo kazi hiyo ni ya mashine inayotenganisha vitu na kupima uzito wa chembe zake. Mtu akikuambia "tulipima, tukaona sumu", ao mambo ya karuho yakifika mbele ya tribunali, muulize: mulilinganisha na nini?

Labo nyingi zimeacha eteri ya zamani kwa ndugu yake, metili-tersho-butili eteri, ambayo inachemka ku digri 55 na haiharibiki upesi. Kile kinachoitwa eteri ya petroli si eteri hata kidogo, ni sehemu nyepesi ya mafuta, jina tu.

Eteri ya zamani inachemka ku digri 34,6 pa usawa wa bahari. Goma na Bukavu, mita karibu 1.500 juu, inachemka karibu ku 30. Uvira na Kalemie, joto la saa nane mchana linaweza kuifikia. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili, unatambaa chini mpaka ku mbabula ya chumba cha pili, na moto unarudi kwa njia ileile. Hauhitaji hata ndimi za moto, kitu chenye joto la digri 180 kinatosha. Frigo ya nyumbani nayo ina cheche ndani yake, hapana kuiweka humo.

Chupa iliyofunguliwa inaandikwa tarehe, inawekwa mu giza, imefungwa vizuri. Ikikaa na hewa na mwanga, eteri inatengeneza peroksidi, ambazo zinalipuka zikikaushwa. Fundi anatia eteri kidogo mu maji yenye iodidi ya potasi: ikigeuka njano, haichemshwi. Na ukikuta chupa ya kale mu stoo, ina chembe nyeupe pa kifuniko, usiifungue na usiitikise. Toa watu mu chumba, funga mlango, ita mwenye ujuzi.