Pingili Tatu za Saa ya Babu

Saa ya marehemu babu imenifikia hapa Al Garhoud ikiwa na mkanda mfupi mno. Ni mkanda wa chuma, wenye pingili zilizoshikana kwa pini nyembamba. Nilipoivaa, ilinibana hata ikaacha alama.

Babu aliondoka nayo Unguja baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wengi waliohama wakati ule waliacha nyumba na mashamba ya mikarafuu, wakasalimika na vile walivyoweza kuvichukua mwilini. Oman ya Sultani Said bin Taimur haikuwa na mlango mpana kwao, hivyo baadhi yao walitua Dubai. Sultani Qaboos aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970, akawaita waliokuwa ng'ambo warejee, wengi walihamia Muscat. Babu alibaki. Uwanja wa ndege ulio jirani na mtaa wetu ulikuwa umefunguliwa mwaka 1960, na njia yake ya kwanza ilikuwa ya mchanga ulioshindiliwa.

Katika maskani hayo mapya, aliyekuwa karani Unguja alipakua mizigo ya majahazi kwenye Khor ya Dubai. Mama anakumbuka kwamba saa ilianza kumzunguka mkononi, ndipo fundi akaupunguza mkanda kwa pingili tatu. Bibi hakuzitupa, alizifunga katika kitambaa, akazihifadhi ndani ya kijaluba chake cha tambuu. Babu mwenyewe hakupata kututajia njaa ya miaka hiyo. Ushahidi wake tulio nao ni pingili hizo.

Nilizipeleka pamoja na saa kwa fundi. Aliulaza mkanda juu ya kigogo, akazitoa pini kwa kijichuma butu na nyundo ndogo, kisha akarudisha pingili moja kila upande, ili kifungo kikae katikati chini ya mkono. Mbili zilinitosha. Ya tatu ilibaki, kwani babu alipoondoka kwao alikuwa na mkono mnene kuliko wangu.

Nimeirudisha kijalubani. Nanyi jamaa mlio Muscat, Mombasa na London, waulizeni wazee wenu wangali hai: katika saa, bangili na pete mlizorithi, ni kipi kilichopunguzwa, mwaka gani, na kwa sababu gani?