Chura wa Kihansi na Bustani za Ugenini

Mtu wa Ruaruke hahitaji kufundishwa chura ni nini. Alalaye ndani ya dungu akilinda mpunga wake usiliwe na nguruwe huwasikia usiku kucha, na wala hawashughulikii. Wahenga walikwisha tuambia kwamba makelele ya chura hayamkatazi ng'ombe kunywa maji, nasi twageuka upande wa pili tukalala. Lakini maji ya delta yametoka mbali. Sehemu yake hushuka milima ya Udzungwa kwa mto mdogo uitwao Kihansi, ukaingia Kilombero, na Kilombero ndio mmoja wa mito iliyoungana ikawa Rufiji. Huko juu palikuwa na chura mmoja ambaye kidogo amkataze ng'ombe kunywa.

Kabla ya kumweleza, yafaa tukumbuke kwamba kuwachukua wanyama wa kwetu na kuwavusha bahari si jambo la jana. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa mfalme wa Uchina pamoja na twiga. Zama hizo ndizo zama za safari za Zheng He, jemadari aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Twiga yule alipokewa kwa shangwe, maana watu wa huko walimdhania kuwa ndiye yule mnyama wa baraka waliyemsikia katika visa vyao vya kale. Akawekwa katika milki ya mfalme ili mfalme atukuzwe. Na bustani nyingi za wanyama zilizojengwa Ulaya katika karne ya 19 zilikuwa na fahari kama hiyo ndani yake: mwenye simba na kifaru aonekane kuwa dunia imo mkononi mwake. Hakuna aliyetazamia kumrudisha twiga Malindi.

Habari ya chura wa Kihansi ni kinyume chake, ndiyo maana yastahili kusimuliwa.

Kiumbe huyu hazidi sentimita 3 kwa urefu, na rangi yake ni ya manjano. Chura tuwajuao hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi, na viluwiluwi vikawa vyura. Huyu hatagi. Mama hubeba mimba na kuzaa mtoto aliyekwisha timia miguu na mikono, mdogo asiyefikia urefu wa punje ya mchele. Makao yake duniani kote yalikuwa korongo moja tu, chini ya maporomoko ya Kihansi, katika vipande vya majani mabichi ambavyo jumla yake ni hekta 2 hivi. Mashamba ya jirani zetu wawili watatu yatatosha kulienea eneo hilo. Pale maji yalipokuwa yakianguka kwa kishindo yalitoa manyunyu mchana na usiku, na chura aliishi kwa manyunyu hayo. Hata jina alilopewa na wataalamu, akiwemo Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina maana ya manyunyu.

Alionekana mwaka 1996. Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki, kwa sababu ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na fedha za nchi za Ulaya. Mitambo ilipoanza kazi, kati ya mwaka 1999 na 2000, ilitoa megawati 180, na takriban tisa ya kumi ya maji ya mto yaliingizwa katika handaki la mitambo. Korongo likanyamaza. Manyunyu yakakatika.

Wapo waliouliza, na swali lao si la kipuuzi: je, nchi iliyokwisha onja mgao wa umeme ikae gizani kwa ajili ya chura? Mimi sioni kosa katika kutaka taa. Kosa nalionea mahali pengine, katika kuhesabu wenye nyumba baada ya kuanza kubomoa. Mwenye kufyeka shamba jipya huku kwetu hulizunguka kwanza, akatazama kuna mti gani, kuna kaburi la nani. Kihansi mzunguko ule ulifanywa shoka likiwa limekwisha inuliwa.

Basi mwishoni mwa mwaka 2000 wakakusanywa vyura 499, wakapakiwa katika ndege, wakapelekwa Bronx, bustani ya wanyama ya New York, kisha wakagawiwa bustani nyingine za Marekani. Safina ya aina yake, ila safina hii ilikuwa ikivuja. Wataalamu hawakujua bado kiumbe huyu ale nini hasa, apewe mwanga kiasi gani. Vyura wakaingiwa na minyoo ya mapafu na maradhi ya lishe, wakafa kwa wingi. Kufikia Desemba 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70. Bustani mbili tu, Bronx na ile ya Toledo katika jimbo la Ohio, ndizo zilizofaulu kuwaendeleza. Ikawa umri wa taifa zima la viumbe umo katika vyumba vichache vya kioo, mikononi mwa wahudumu waliokuwa wakijifunza kazi huku wakiifanya.

Kwao Kihansi nako, mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamefungwa korongoni kuyaiga manyunyu. Mwanzo ilionekana kufaa. Katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000. Kisha, kwa muda wa miezi tu, wakatoweka. Mizoga yao ilikutwa na kuvu inayoua vyura, ile ile iliyowamaliza wengi katika nchi nyingine. Wa mwisho alionekana mwaka 2004, na mwaka 2009 IUCN ikatangaza kuwa hayupo tena porini. Aliyesalia alikuwa yule wa ugenini peke yake.

Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikojengewa chumba chao. Wengine wakafuata, na Desemba 2012 kiasi cha 2,000 wakaachiliwa korongoni. Sikumbuki chura mwingine wa namna hii, aliyetoweka porini kabisa, akalelewa ng'ambo, kisha vizazi vyake vikarejeshwa pale pale walipotoka babu zao.

Kuvu haijaondoka. Umeme wa Kihansi ungali unatumika, na maji yake, yakishatoka mitamboni, hurudi mtoni na kuteremka kuja kwetu, yakipitia sasa pia bwawa la Julius Nyerere lililoanza kutoa umeme Februari 2024. Chura aliyezaliwa New York ndani ya sanduku la kioo alizaliwa chini ya bomba lenye matundu madogo. Wajukuu wake waliorudi Udzungwa wanaishi kandokando ya maporomoko ya babu zao, na manyunyu yanayowaangukia humo korongoni nayo yatoka katika bomba.