Clarkston: Mji Uliojengwa Upya na Kodi Nafuu

Wanaoisifu Clarkston, katika jimbo la Georgia, hupenda kuanza na ukarimu wa watu wake. Mimi naanza na kodi ya nyumba, maana huko ndiko mambo yalikoanzia.

Mji huu mdogo, chini ya kilomita 20 mashariki mwa Atlanta, ulisajiliwa mwaka 1882 na kupewa jina la W. W. Clark, mkurugenzi wa Reli ya Georgia. Kwa muda mrefu ulitaniwa Mji wa Mbuzi. Inasemekana wanyama hao ndio waliokula majani kando ya reli. Karibu miaka mia moja ikapita bila makuu.

Katika miaka ya 1970 wajenzi wakasimamisha majengo ya fleti moja baada ya jingine. Atlanta ilikuwa ikikua kwa kasi, na wapangaji waliotazamiwa walikuwa Wazungu wa kipato cha kati. Walikuja, lakini hawakukaa. Vitongoji vipya vikachipuka mbali zaidi na jiji, wakahamia huko, fleti zikabaki tupu na kodi ikashuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mashirika yanayowapokea wakimbizi, yakiwemo World Relief na International Rescue Committee, yakaona kitu ambacho wenye fleti hawakukitazamia: nyumba za bei nafuu, maduka ya kufikika kwa miguu na basi la kwenda Atlanta. Asiye na gari Marekani anahitaji hayo matatu kuliko hotuba ya makaribisho.

Walianza Wavietnam na wenzao wa Asia ya Kusini-Mashariki. Wakafuata Wabosnia, Wasomali, Wasudan, Waliberia, kisha Wabhutan, Waburma, Wasiria na Waafghani. Wakongo pia walikuja, na Kiswahili kikaja nao. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, watu waliozeekea Tanzania wakiwa wakimbizi. Wengine walipangiwa Georgia. Tena wapo Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao ni vizazi vya Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga katika karne ya 19, na Kizigua hawajakiacha hadi leo. Historia yetu wenyewe, basi, imepanga chumba katika mji ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia.

Maisha hayakuwa mteremko. Nauli ya ndege iliyomleta mkimbizi ni mkopo wa kulipa, na msaada wa mwanzo hudumu miezi michache tu. Wengi walianzia viwanda vya kuku kaskazini mwa Georgia, wakisimama zamu nzima kwenye baridi, kisu mkononi.

Wenyeji nao walitikiswa. Baadhi walihama. Meya Lee Swaney alipinga bustani ya mji kutumiwa kwa soka, akisema viwanja ni vya besiboli. Mzozo huo uligusa timu ya vijana wakimbizi, Fugees, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Luma Mufleh, mwanamke kutoka Jordan aliyewakuta watoto wakicheza kwenye maegesho ya fleti. Mwandishi Warren St. John aliisimulia habari hiyo katika gazeti la New York Times mwaka 2007, na taifa zima likaijua Clarkston.

Mimi navutiwa zaidi na duka la Thriftown. Wateja wa zamani walipoondoka, biashara ilikaribia kufa. Mwenye duka akamsikiliza mfanyakazi wake, mkimbizi kutoka Vietnam, akaanza kuleta vyakula ambavyo majirani wapya walivitaka. Duka likapona. Hata kanisa la Kibaptisti, lililoanzishwa mwaka 1883, lilibadili jina na kuwa Clarkston International Bible Church, likawafungulia milango waumini wa mataifa mengi. Hawa hawakuwa mashujaa. Walimtazama aliyekuwa mbele yao badala ya kumlilia aliyeondoka, na hilo naliheshimu kwa dhati.

Mwaka 2010 sensa ilihesabu watu 7,554. Mwaka 2020 ikakuta 14,756. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na mipaka iliyopanuliwa. Wahamiaji wameshachaguliwa kuwa madiwani, na mwaka 2020 Beverly Burks akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuchaguliwa meya wa mji huo.

Lakini wengi wanaopata nafuu hawabaki. Hununua nyumba mbali zaidi, kama walivyofanya wapangaji wa kwanza. Clarkston imekuwa ikijazwa na wageni wapya kila wanapoondoka wa zamani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa na tiketi mkononi zikafutiwa safari. Wenye fleti wanaweza kutafuta wapangaji wengine. Aliyemwacha mama yake kambini hana pengine pa kumtafuta.