Theluji iko juu, ng'ombe wako chini

Nilipovuka Mpondwe na kulala Bwera, asubuhi niliona theluji ya Rwenzori. Kumbe ng'ombe wa Kasese hawaisumbukii. Kinachowakondesha ni kiangazi. Mzee mmoja Msongora akanieleza: zamani majani yakikauka, walihama tu na mifugo. Mwaka 1952 malisho yakageuzwa hifadhi, ile tunayoiita leo Queen Elizabeth. Baadaye wengine wakaingia Virunga, kwetu Kongo. Mwaka 2006 wakafukuzwa, wakarudi na ng'ombe mpaka ndani ya hifadhi, ndipo mwaka uliofuata wakaanza kugawiwa ardhi. “Ile haitoshi, mwanangu,” mzee akasema. Halafu akaniuliza, majani ya kule bado mazuri? Nikamjibu: mzee, mimi nilikimbia usiku, sikuangalia majani.