Kijitabu Kisicho na Tarehe

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, sisi tunaoshinda na majalada ofisini twajua jinsi barua isiyo na tarehe inavyosumbua. Nakusanya vijitabu vya zamani vya kutangazia gari dogo la Toyota Corolla, na aghalabu havina tarehe. Hata hivyo, yaweza kupatikana.

Corolla ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1966, ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,077. Mwaka 1969 injini iliongezwa ikafika 1,166, na Mei 1970 likatoka umbo la pili. Basi kijitabu cha Kijapani chenye umbo la kwanza na injini ya 1,166 ni cha kati ya 1969 na 1970. Penye mwaka wa Kijapani wa enzi ya Showa, jumlisha 1925: Showa 44 ni 1969.

Lakini tutazame pia kilichapishwa kwa ajili ya nani. Marekani, Corolla ilianza kuuzwa mwaka 1968. Kwa hiyo kijitabu cha wanunuzi wa huko, hata kikionyesha injini ya 1,077, hakiwezi kuwa cha 1966. Anayekiandikia 1966 kwa haraka huwapotosha wote watakaonakili baada yake.

Hivyo, ndugu zangu, mkutapo karatasi za namna hii katika makasha ya wazee, msiwashie moto. Zisomeni kwanza. Historia ya watu wa kawaida haikuandikwa yote vitabuni.