Mgeni au Mwenyeji? Silikanti na Mikondo ya Bahari ya Hindi, 1938 hadi 2012

Tunapofundishwa historia ya Bahari ya Hindi, sifa zote hupewa upepo. Kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi huyarudisha, na katikati ya safari hizo tunapata Kilwa, Zanzibar, Mombasa na lugha hii ninayoandikia. Maji yenyewe hayatajwi sana. Insha hii inahusu maji, na namna yanavyoamua nani awe ndugu wa nani miongoni mwa viumbe wa baharini. Nimemchagua samaki mmoja, silikanti, kwa sababu swali lililoulizwa juu yake kwa zaidi ya miaka 70 ni swali la kihistoria kabisa: huyu ametoka wapi? Nakiri kwamba mimi ni mtoto wa Bujumbura, niliyelelewa kwa mukeke na ndagala wa Ziwa Tanganyika, na mkondo wa bahari niliufahamu kwanza kwenye ramani. Pengine ndiyo maana swali hili lilinishika.

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilitia nanga East London, Afrika Kusini. Katika samaki wake, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akisimamia jumba dogo la makumbusho mjini humo, aliona samaki mkubwa wa buluu mwenye mapezi mazito yanayofanana na viungo. Alimchora na kumpelekea mchoro J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Grahamstown. Smith alitambua jamii ya samaki iliyojulikana kwa visukuku tu, na iliyodhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria. Mwaka 1939 alimpa jina Latimeria chalumnae.

Jina hilo lina mambo mawili ndani yake: mtu aliyemwona, na mto Chalumna ambao samaki alivuliwa karibu na mdomo wake. Lakini Smith mwenyewe hakuamini kwamba Chalumna ni kwao. Hoja yake ilikuwa rahisi. Pwani ile ilikuwa ikivuliwa kwa nyavu za kukokota siku zote. Samaki mkubwa namna hiyo angekwisha kuonekana. Tena maji yanayopita hapo yanatoka kaskazini, kwenye Mkondo wa Msumbiji na ule wa Agulhas. Kwa hiyo samaki amebebwa, na kwao ni huko juu. Smith akachapisha karatasi zenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo, ingawa ndiyo lugha ambayo wavuvi wa sehemu kubwa ya pwani hiyo wangeielewa. Sijui kama Smith aliwahi kulifikiria jambo hilo. Mimi nililifikiria mara tu niliposoma habari ya karatasi zile.

Jibu lilikuja kwa njia ya Zanzibar. Huko, mwaka 1952, Smith na mkewe Margaret walikutana na Eric Hunt, nahodha mfanyabiashara aliyesafiri kati ya Zanzibar na Komoro, wakampa karatasi azisambaze. Desemba ya mwaka huohuo, mvuvi Ahamadi Abdallah alivua silikanti karibu na Domoni, kisiwani Nzwani, kile ambacho Wafaransa hukiita Anjouan. Mwalimu Affane Mohamed aliitambua picha, na samaki akabebwa kuvuka milima hadi Mutsamudu alipokuwa Hunt. Smith alipewa ndege ya jeshi na waziri mkuu D.F. Malan, akaja, akamwona samaki, akalia. Wavuvi wa Komoro hawakulia. Walimjua samaki huyo kwa jina la gombessa, na hawakumthamini sana kwa kitoweo.

Kuanzia hapo Komoro ikawa ndiyo kwao. Wafaransa, waliotawala visiwa hivyo, waliufunga utafiti huo kwa wageni, na takriban silikanti wote waliofika kwenye majumba ya makumbusho ya dunia walitoka huko. Aliyeonekana penginepo aliitwa mpotevu. Mwaka 1991 meli ya kukokota ilimnasa jike karibu na Pebane, Msumbiji, akiwa na watoto 26 tumboni. Mwaka 1993 watafiti, akiwamo Hans Fricke, ambaye mwaka 1987 alikuwa wa kwanza kuwaona silikanti hai katika makazi yao kwa kutumia nyambizi, walilinganisha vinasaba vya jike huyo na vya samaki wa Komoro. Hawakupata tofauti. Hoja ya mkondo ikaonekana imethibitika: jike huyo alibebwa kutoka visiwani.

Hapa inabidi kueleza mkondo unavyofanya kazi. Samaki wengi wa baharini hutaga mayai madogo sana, na makinda yao huelea majini kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kutulia. Katika muda huo mkondo huyapeleka mbali, na ndiyo sababu samaki wa miamba miwili iliyo mbali wanaweza kuwa na vinasaba vinavyokaribiana. Silikanti hafanyi hivyo. Mwaka 1975, katika jumba la makumbusho la New York, jike aliyevuliwa Komoro mwaka 1962 alipasuliwa akakutwa na vijusi vitano. Huzaa watoto walio kamili, hivyo hakuna kinda dogo la kuelea. Anayebebwa ni samaki mwenyewe, na Fricke aliona kuwa silikanti haogelei kwa nguvu, bali hujiachia kwenye mkondo kwa mapezi yake, usiku akitafuta chakula na mchana akipumzika pangoni.

Mkondo wenyewe ni huu. Mkondo wa Ikweta wa Kusini hutiririka kuelekea magharibi, hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, na hufika bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo hugawanyika. Tawi moja hushuka kusini kupitia Mlango wa Msumbiji. Tawi la pili, Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, hupanda kaskazini mbele ya Mtwara, Kilwa, Dar es Salaam na Tanga. Wakati wa kusi huenda kasi. Wakati wa kaskazi hupungua nguvu, lakini katika maji ya Tanzania haugeuki.

Nadharia ya wapotevu ilianza kuyumba walipoanza kuonekana wengi mno. Mwaka 2000 wazamiaji walikuta silikanti hai katika korongo la Sodwana Bay, Afrika Kusini. Mwaka 2001 mmoja alivuliwa Malindi, Kenya. Mwaka 2003 alipatikana wa kwanza kusini mwa Tanzania, na kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga, hasa wa Kigombe, waliwapata mara kwa mara katika majarife, nyavu za papa zilizotegwa kwenye maji ya kina. Mpotevu mmoja anaeleweka. Wapotevu kumi na zaidi katika kijiji kimoja ni wakazi.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani na Tanzania walitoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mitokondria vya silikanti 21 wa Tanzania na 2 wa Komoro, pamoja na taarifa zilizokwisha kuchapishwa. Samaki wa kusini mwa Tanzania hawakutofautiana na wa Komoro. Wa kaskazini, yaani wa Tanga, walitofautiana na hao wote, na utengano wao ulikadiriwa kuwa wa miaka 200,000 au zaidi. Watafiti waliona kuwa jambo hilo linaafikiana na mkondo unaopanda kaskazini: samaki wa Tanga hawezi kwa urahisi kushuka kusini akiupinga.

Maelezo hayo nayakubali nusu. Mkondo wa upande mmoja unaeleza kwa nini damu ya Tanga haikufika Mtwara. Hauelezi kwa nini damu ya Mtwara, iliyo na mkondo wa kuisukuma, haikuimeza ile ya Tanga katika miaka elfu nyingi. Mimi naona jibu liko kwa samaki zaidi kuliko kwa maji. Kiumbe anayezaa wachache, anayehitaji mapango na maji ya baridi, anaweza kubebwa mbali na bado asipate mahali pa kukaa wala wa kuzaa naye. Na mwaka 2012 utafiti mwingine ulionyesha kuwa hata ndani ya Komoro, penye maji yaleyale, kuna makundi mawili yanayotofautiana kivinasaba. Ramani ya mikondo inaonyesha njia zilizo wazi, lakini haimwonyeshi aliyezitumia.

Tofauti kati ya mgeni na mwenyeji ilikuwa na uzito nje ya maabara pia. Mpotevu akifa kwenye jarife, kwao wamebaki wengine. Mwenyeji akifa, kundi lake ndilo linalopungua, na hata mkondo ukileta samaki wa kusini kujaza nafasi, hao ni wa ukoo mwingine. Mwaka 2009 Tanzania ilitangaza hifadhi ya bahari ya silikanti, yenye kilomita 100 hivi za pwani, kutoka kaskazini ya mdomo wa Mto Pangani hadi kupita jiji la Tanga. Wakati huo ulikuwapo pia mpango wa kujenga bandari ya kina kirefu Mwambani, kwenye pwani hiyohiyo. Kigombe imo ndani ya hifadhi, na wavuvi waliowaonyesha wataalamu kwamba samaki huyu ni wa kwao ndio wa kwanza kuulizwa wanatega wapi nyavu zao.