Rekodi za saa za kazi na upangaji wa zamu hotelini: Jinja na Mbale

Kuunganisha rekodi za saa za kazi na programu ya kupanga zamu ni utaratibu ambao taarifa za kuingia na kutoka kwa wafanyakazi wa hoteli, zilizonaswa na mashine ya kidole, kadi, simu au daftari la getini, hupelekwa kwenye programu inayoamua watu wangapi wanahitajika, katika idara gani na kwa saa zipi. Upande mmoja ziko saa zilizofanyika kweli; upande wa pili ziko saa zilizopangwa kwa kuangalia wageni wanaotarajiwa. Pande hizo zikikaa mbalimbali, mhasibu hulipa kwa karatasi moja na msimamizi wa zamu hupanga kwa nyingine, na anayeumia kwanza ni mhudumu aliyefanya kazi ambayo haionekani popote. Makala hii inahusu Jinja na Mbale, miji ya mashariki mwa Uganda iliyopandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, ambako mapito ya wageni na sheria ya kazi vina matakwa ambayo programu kutoka nje haziyajui.

Asili

Saa ya kusajili wafanyakazi ilibuniwa na Willard Bundy, sonara wa Auburn katika jimbo la New York, aliyepata hataza yake mwaka 1890. Kampuni iliyokuwa ikiitengeneza iliingia katika muungano wa mwaka 1911 ambao mwaka 1924 ulichukua jina la IBM. Kwa upande wa hoteli, chama cha wenye hoteli cha jiji la New York kilitoa mwaka 1926 mwongozo wa pamoja wa hesabu, na matoleo yake mapya bado ndiyo yanayowezesha gharama ya watu kupimwa kwa kila idara na kwa kila chumba kilicholaliwa. Kompyuta ndiyo iliyokutanisha mambo hayo mawili. Kampuni ya Kronos, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1977, ilikuwa kati ya za mwanzo kuuza saa ya kazi ya kielektroniki.

Mashariki mwa Uganda, hoteli za Crested Crane ya Jinja na Mount Elgon ya Mbale zilikuwa chini ya kampuni ya serikali, Uganda Hotels, iliyokuwa mali ya Shirika la Maendeleo la Uganda lililoundwa mwaka 1952. Baada ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990 kila hoteli ilikwenda na mmiliki wake na utaratibu wake. Crested Crane ikawa makao ya Chuo cha Hoteli na Utalii cha Uganda, ambacho mwaka 2015 kilitungiwa sheria yake, kwa hiyo wahudumu na wasimamizi wa zamu hufundishwa Jinja kwenyewe.

Safari ya rekodi

Mashine ya kidole ya kawaida hutoa mstari mmoja kwa kila mguso: namba ya mfanyakazi, tarehe, saa, na alama ya kuingia au kutoka. Haijui kama mtu huyo ni mpishi au mlinzi, wala kama leo ilikuwa zamu yake. Hayo yanajulikana kwenye programu ya zamu. Daraja kati ya vyombo hivyo viwili ni namba ya mfanyakazi, nayo lazima iwe ile ile pande zote. Jina halifai kwa kazi hiyo. Katika eneo la Mbale majina kama Wafula na Nafula hutolewa kwa majira ya mvua na kurithiwa kutoka kwa mababu, hata orodha moja ya watumishi inaweza kuwa na Wafula kadhaa wasio na undugu. Namba ya kitambulisho cha taifa ni ya mtu mmoja tu, ila haina sababu ya kuzagaa kwenye mashine ya mlangoni. Hoteli itoe namba yake yenyewe na isimpe mtu mwingine namba ya aliyeondoka.

Rekodi husafiri kwa faili la jedwali linalotolewa kwenye mashine kwa kifaa cha USB, au kwa kiolesura cha programu kinachoruhusu mifumo miwili kupashana habari yenyewe kila baada ya dakika chache. Kwa hoteli ya vyumba thelathini, faili la kila usiku linatosha kabisa. Kiolesura kinachonunuliwa kabla ya orodha ya namba kusafishwa hupeleka makosa yale yale kwa kasi zaidi.

Kazi kubwa iko katika kusafisha. Mlinzi anayeingia saa 18:00 na kutoka saa 06:00 ana rekodi ya siku mbili za kalenda, na programu isiyoelezwa hilo humwona hakutoka siku ya kwanza na hakuingia siku ya pili. Mhudumu wa mkahawa mwenye zamu iliyokatwa, kifungua kinywa asubuhi na chakula cha jioni, hugusa mashine mara nne. Programu ikichukua mguso wa kwanza na wa mwisho tu, itamhesabia siku nzima bila mapumziko. Yapo pia makubaliano ya mdomo. Wafanyakazi wanaobadilishana zamu husema saa moja kwa maana ya 07:00 au 19:00, na msimamizi anayenakili maneno hayo kwenye rota bila kuyageuza huzalisha makosa ya saa sita kamili, ambayo kwa bahati ni rahisi kuyatambua. Kidole kilichosahaulika wakati wa kutoka ndicho tatizo la kila siku. Hapo kanuni inapaswa kuwa moja: mstari wa awali haufutwi. Marekebisho huandikwa pembeni yake pamoja na jina la aliyerekebisha na sababu, na mfanyakazi huonyeshwa kabla ya mshahara kufungwa.

Saa kugeuka mpango

Chukua mfano wa hoteli ya vyumba 60 ambayo usiku wa leo ina vyumba 40 vyenye wageni. Ikiwa kipimo cha usafi ni dakika 30 kwa chumba, kesho zinahitajika saa 20 za kazi, yaani watu wawili wa saa nane na mwingine wa nusu zamu. Programu inapanga hivyo. Jioni mashine ya kidole inaonyesha kuwa idara ya usafi ilitumia saa 26. Bila muunganiko, meneja angeona mshahara umezidi na kuwalaumu wasafishaji. Rekodi zikikaa pamoja na orodha ya vyumba, anaweza kuuliza saa sita zimekwenda wapi, na mara nyingi jibu liko nje ya idara: mashuka yalichelewa kutoka dobi kwa sababu umeme ulikatika, au kundi la wageni lilitoka vyumbani mchana badala ya asubuhi. Kipimo cha dakika 30 hurekebishwa kwa ushahidi wa majuma kadhaa, na kirekebishwe kwenda juu pia. Programu inayojifunza kutoka kwenye saa za kweli huku ikiruhusiwa kupunguza tu hugeuka chombo cha kuwakamua watu.

Jikoni hesabu hufuata sahani, mapokezini hufuata wanaofika na wanaoondoka, na ulinzi haufuati wageni hata kidogo, kwani geti linahitaji mtu hata hoteli ikiwa tupu. Warsha za mashirika na idara za serikali hupindua hesabu ya vyumba: ukumbi wa watu themanini unaweza kujaa siku ambayo vyumba ni vitano, na rota iliyopangwa kwa vyumba pekee huwaacha wapishi wawili mbele ya chai ya saa nne na foleni ya chakula cha mchana.

Majira ya wageni

Programu nyingi za kutabiri huanza kwa kulinganisha juma hili na juma kama hilo mwaka uliopita. Mbale njia hiyo hukosea vibaya kila Agosti. Imbalu, jando la Wagisu, hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na uzinduzi wake ni katika uwanja wa Mutoto nje kidogo ya jiji. Agosti 2023 haiwezi kuitabiri Agosti 2024. Ya kutazamwa ni Agosti 2022, mwezi ambao nao ulianza na mkosi, kwa kuwa mafuriko ya mwisho wa Julai yaliua watu na kuharibu mali Mbale na vitongoji vyake. Msimamizi anayeijua Imbalu lazima awe na uwezo wa kuiandika kwenye kalenda ya programu kwa mkono na kuiambia ilinganishe miaka miwili nyuma. Mahafali ya Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, nayo huleta wazazi wengi kwa siku chache, na wapandaji wa Mlima Elgon, wenye kilele cha mita 4,321, hupendelea miezi mikavu.

Jinja tatizo lina sura nyingine: tukio lipo, ila halitulii. Tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 katika ufuo wa Nile Discovery, likahamia maporomoko ya Itanda mwaka 2022, na mwaka 2024 likafanyika Novemba badala ya Septemba iliyozoeleka. Rekodi za saa za Septemba zilizohifadhiwa kwa miaka mingi zingeijaza hoteli vibarua katika juma tulivu. Mto Nile wenyewe umebadilishwa. Bwawa la Bujagali lilipoanza kazi mwaka 2012 lilifunika maporomoko yaliyokuwa yakivuta wageni wa mitumbwi ya mpira, Isimba likafuata mwaka 2019, na safari za maji zikalazimika kupata sehemu nyingine za mto. Takwimu za kabla ya hapo ni historia nzuri, lakini hazifai kupangia watu. Za mwaka 2020 na 2021, wakati wa marufuku za korona, ziondolewe kabisa kwenye hesabu ya utabiri.

Sheria ndani ya programu

Hapa ndipo muunganiko una maana kubwa kuliko mahali pengine. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa shilingi 6,000 kwa mwezi mwaka 1984, na muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 ulikosa saini ya Rais. Kwa msafisha vyumba, kinga ya sheria iliyobaki iko katika saa zake, na saa zisizo na rekodi hazina wa kuzitetea.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka juma la kazi kuwa saa 48 na mapumziko ya saa 24 mfululizo katika kila juma. Saa za ziada hulipwa kwa mara moja na nusu siku za kawaida na mara mbili sikukuu za taifa. Kwa kazi za zamu kuna kipengele ambacho programu ya kigeni haikijui: mtu anaweza kuvuka kiwango cha siku au juma bila kuhesabiwa saa za ziada, mradi wastani wake katika kipindi cha majuma matatu usizidi saa 10 kwa siku au 56 kwa juma. Programu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huanza kuhesabu saa za ziada baada ya 40 katika juma moja. Ikiachwa hivyo, mshahara utakosewa. Ikizimwa bila kuwekewa dirisha la majuma matatu, mapokezi ya usiku yatafanyishwa kazi kupita kiasi na hakuna kengele itakayolia. Idd nazo zinahitaji mkono wa mtu, kwa kuwa tarehe hutegemea mwandamo wa mwezi, na malipo ya mara mbili hayawezi kusubiri kalenda iliyotiwa tangu Januari.

Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu katika ukibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Daftari la getini halikumbuki kibarua alianza lini. Muunganiko unakumbuka, na unaweza kumwonya meneja juma la kumi na nne likifika. Mwenye hoteli anaweza kuliona onyo hilo kama hasara. Kwa mtu aliyebeba sinia msimu baada ya msimu bila likizo ya siku 21 ya mwaka, huo ndio mwanzo wa ajira. Mchango wa mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii (NSSF), asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na 10 kutoka kwa mwajiri, umekuwa lazima kwa waajiri wa ukubwa wote tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, hivyo hata nyumba ya wageni yenye watu wanne inahitaji orodha sahihi ya waliofanya kazi.

Umeme, mtandao na kidole

Kukaa jirani na mabwawa ya Jinja hakuzuii umeme kukatika. Mashine iwe na betri, ihifadhi rekodi ndani yake, na izipeleke mtandao ukirudi. Januari 2021 intaneti ilifungwa nchi nzima wakati wa uchaguzi kwa siku kadhaa, na mfumo wowote unaotegemea seva ya mbali kwa kila mguso usingeweza kusajili mtu. Baada ya kukatika, saa ya mashine ikaguliwe kabla ya rekodi kuingizwa.

Vidole vya wanaofua, wanaoosha vyombo na wanaolima bustani husuguliwa na sabuni, dawa na jembe hadi mashine ikakataa kuvitambua. Kadi au namba ya siri iwepo kwa ajili yao, bila kuwafanya waonekane wadanganyifu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, pamoja na kanuni zake za 2021, inamtaka mwajiri aeleze kwa nini anachukua taarifa hizo, aruhusu mhusika kuziona, na asizipeleke kwenye seva za nje ya nchi bila kinga ya kutosha au ridhaa. Programu ya zamu haihitaji alama ya kidole. Inahitaji namba na saa, na mengine yabaki kwenye mashine. Kibarua aliyehudumu katika Imbalu ya 2024 akirudi kwa ile ya 2026 apewe namba yake ile ile, siku zake za awali zisomeke chini yake, na kidole kichukuliwe upya, kwa kuwa cha kwanza kilipaswa kufutwa siku alipoondoka.